Majani Mabichi Mtungini

Kila asubuhi Wunpini alifagia ua wa bibi yake, Bibi Fuseina, kijijini karibu na Tamale, mkono mmoja kwenye ufagio, masikio yote mawili kwenye pampu ya maji. Habari za kijiji zilianzia hapo.

"Mke mwenzangu," bibi alimwita siku moja, kwa utani wao wa bibi na mjukuu, "yale majani ya mwarobaini upenuni, yageuze leo na kesho, kivulini, mpaka yavunjike mkononi. Kisha uyachanganye na kunde za mbegu, uzibe mtungi kwa udongo. Fukusi wakizila hizo, ua mzima hatuna cha kupanda."

"Sawa, bibi."

Kesho yake mchana Katari, binti wa jirani, akapita mbio. "Wewe bado uko hapa? Bi harusi kaja kwa mumewe na mabeseni kumi na manane ya vyombo!"

Wunpini akayashika majani. Yalikuwa bado yanapinda. Akayachanganya na kunde hivyo hivyo, akaziba mtungi, huyoo harusini!

"Yalikauka?" bibi alimuuliza Wunpini aliporudi jioni.

"Yamekauka kabisa!"

Bibi akamsifu mbele ya wake wote wa wanawe, pale uani. Wunpini akashika ufagio, akafagia ua uliokwisha kufagiwa.

Siku ya tatu baada ya harusi, pale kwenye pampu, mama mmoja akawa anasimulia: "Dada yangu ametia majani mabichi. Kunde zote ukungu! Sasa anaomba mbegu nyumba kwa nyumba."

Wunpini akaacha ndoo yake hapo hapo, akakimbia nyumbani.

"Bibi, nilikudanganya. Majani hayakukauka."

Wanawake wa ua wakakusanyika. Bibi akavunja udongo, akatia mkono. Majani yalikuwa yamenatana, na kunde za juu zimeota ukungu, kiasi cha bakuli mbili. Zilizobaki zilikuwa na unyevu tu.

Wanawake wakatandika mikeka juani, wakazichambua pamoja.

"Na mabeseni je, yalifika kumi na manane?" mmoja akamchokoza.

"Kumi na moja tu," Wunpini akajibu kwa aibu. Kicheko kikalipuka.

Kunde zilipokauka, Wunpini akaleta majani mengine aliyoyakausha kivulini. Safari hii yalivunjika yakawa vumbi mkononi mwa bibi.

"Haraka yako ingetunyima mbegu," bibi akasema, "lakini umesema kweli mapema, tukawahi kuziokoa. Ungenyamaza mpaka mvua, machozi yako yasingetusaidia kitu. Ukikosea, njoo useme siku ile ile, hata kama umekwisha kusifiwa. Haya, ziba mtungi, mke mwenzangu, kisha unisimulie hiyo harusi yote."