Kiti cha Kushoto

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa shemeji yangu Job, pale Idsowe, nikiwa nimebeba grinda ya kukatia vyuma. Alinipigia simu nikiwa Garsen nafunga karakana. Injini haiingii, alisema, nije nimkatie chasi. Alisema kama vile chasi ilikuwa imemkosea adabu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Job ni mume wa mdogo wangu Valary, na kazi yake ni kutazama video kwenye simu. Humo ndimo alimopata wazo la kujiundia gari la michezo, la viti viwili, limelala chini kama kobe, katika kijiji ambacho barabara yake hata punda huikanyaga kwa kufikiri. Chasi nilimchomelea mimi kwa mabomba ya mraba, kwa kipimo cha injini ndogo ya silinda nne. Kisha bwana mkubwa akabadili nia. Akaleta injini ya silinda sita.

Aliitoa wapi? Kwenye tope la Kilelengwani. Mafuriko yalikuwa yamepita na gari la mtu wa Kipini aitwaye Athman. Maji yalipopungua, gari likaonekana limezama tope hadi madirishani. Athman hakuonekana. Jamaa zake walikuja, wakalitazama, wakaliacha palepale. Majirani wakamwambia Job asiliguse. Job akaifungua injini, akaileta kwa mkokoteni.

"Watu wa huku wanaogopa hata kivuli cha kuku, dada Rachael," aliniambia.

Hapo tulikubaliana. Mimi pia niliwadharau. Tofauti ni kwamba nilimdharau na yeye.

Injini ilikuwa inaning'inia kwa mnyororo juu ya chasi. Bakuli la oili la chini yake liligonga bomba la kukingama. Gia boksi nayo, pana, iliingia upande wa kushoto, pale abiria anapoweka miguu.

"Bomba la mbele nitalikata nilishushe," nikamwambia. "Lakini huku kushoto mtu hakai. Kiti kinatoka."

"Na Valary atakaa wapi siku ya kwanza?"

"Atakaa nyumbani kwake."

Alinuna, akaenda kwa jirani kuomba waya wa stima.

Nikabaki peke yangu. Nikaweka spana mbele ya injini niizungushe kidogo, nione kama haijaganda. Ikazunguka... laini mno. Ndani mwake kukatoka sauti.

Hhhh...

Kama mtu anayetoa pumzi baada ya kukaa chini ya maji.

Kisha harufu. Tope bichi na majani yaliyooza, kutoka kwenye chuma kilichooshwa kwa dizeli. Nikajiambia ni maji yamebaki kwenye silinda. Maji hubaki.

"Mwaipeleka wapi mashine hiyo?"

Mwanamume alikuwa amesimama kwenye mwanya wa ua. Kiswahili chake kilikuwa cha Kipini, cha polepole. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini, na kilikuwa kiangazi.

"Kuzimu," nikasema. "Unataka nini?"

"Kushoto msikate," akanong'ona. "Pana mtu atakaa."

"Nani?"

Alikuwa anatazama jikoni, ambako Valary alikuwa anapepeta mchele.

Nilimwambia kama amekuja kutongoza wake za watu, aanze kwa kukausha suruali. Akatabasamu. Alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto anayejivuna, na sijawahi kudharauliwa namna ile maishani mwangu.

Adhana ya magharibi ikaanza upande wa maboma ya Waorma. Niligeuza kichwa kidogo tu.

Mwanya ulikuwa mtupu.

Nilienda nikainama. Vumbi lilikuwa kavu, bila alama ya mguu wala tone la maji.

Job aliporudi na waya sikumwambia kitu. Nilianza na kushoto. Vishikio vya kiti nilivikata vyote, nikavisaga hadi chuma kikang'aa, kisha nikachomelea bomba nene katikati ya ile nafasi, hata paka asingeweza kujikunja pale. Nilijiambia ni kwa ajili ya gia boksi.

Wiki iliyofuata gari liliwaka. Job alitoka nalo barabarani peke yake, kifua mbele, akiwapigia mbuzi honi. Jioni alirudi kwa miguu, ametapakaa tope, midomo imempauka.

"Alikuwa amekaa kushoto," akaniambia.

"Kushoto hakuna kiti, Job."

"Najua." Alijipangusa tope usoni. "Tulipokaribia mto akaushika usukani. Mkono wake ulikuwa wa baridi... Nikaruka."

Wanaume waliingia majini wakapapasa. Mto ulikuwa wa kiunoni tu. Gari hawakulipata. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba Job hajui kuendesha, kwamba alilitumbukiza mwenyewe, tope likalimeza, na mengine yote ni ya kufunika aibu. Mafundi wenzangu wa Garsen huniunga mkono. Tunamcheka sana.

Juzi nilimtembelea Valary. Job alikuwa chumbani. Siku hizi hatoki giza likikaribia. Tulikaa jikoni mimi na mdogo wangu, wali uko motoni.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "yule Athman alikuwa mtu wa namna gani?"

"Nitajuaje? Kwa nini?"

"Kuna mtu hupita nyuma ya ua saa kama hizi. Huniita kwa jina. Anasema kama watu wa Kipini."

Nilikuwa na neno la kumcheka, tayari mdomoni. Halikutoka. Kuhusu yule mwanamume wa kwenye mwanya wa ua sikuwahi kumwambia mtu yeyote.

"Hujamwitikia," nikasema. "Sivyo?"

Valary alipunguza kuni, akafunika sufuria, akapangusa mikono kwenye leso yake polepole.

"Mara ya kwanza nilidhani ni Job," akasema.