Kabati la Babu Muhamadi

Kila Jumatano asubuhi wanafunzi wa darasa la sita walitoka shuleni kwenda kujifunza mjini Gisenyi: sokoni, posta, au ufukoni kwenye mitumbwi ya samaki. Safari hii Mwalimu Ndayisaba aliwapeleka kwenye nyumba ya marehemu seremala mmoja Mzungu, iliyofunguliwa karibuni kwa wageni. Misumeno na randa zilitundikwa ukutani. Samani zilibaki pale pale alipoziacha.

"Kabati hili halina msumari hata mmoja," alisema Twagirimana, mtunza nyumba. "Bwana aliliunda kwa mikono yake."

"Si kweli," alisema Nyirasafari. "Aliliunda babu yangu, Muhamadi."

"Babu yako? Alikuwa akifagia maranda ya mbao humu!" Faradji akadakia. Darasa zima likacheka.

Nyirasafari akapandwa na hasira. "Vyote vilivyomo humu ni kazi yake! Meza, viti, vyote!"

Twagirimana akamtoa nje. Mwalimu akaamua kwamba Nyirasafari hataingia tena darasani mpaka aombe radhi.

Nyumbani, Babu Muhamadi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaguna.

"Bon, sawa. Kabati ni langu. Meza na viti ni vya Bwana, na ndiye aliyenifundisha kushika randa. Kwa nini umenipa visivyo vyangu?"

"Walikucheka, Babu."

"Na sasa wanacheka zaidi. Twende."

Kwenye nyumba ile ya seremala, mbele ya Mwalimu na Twagirimana, Nyirasafari alisimama wima.

"Naomba radhi kwa meza na viti. Nilisema uongo. Kwa kabati siombi."

"Mtoto mkaidi!" Twagirimana alifoka. "Na wewe, mzee, una ushahidi gani?"

"Mikono," Babu alijibu. "Zana ninazo, mbao ninazo. Nitaunda jingine hapa hapa uani, watoto wakitazama."

Akaliunda kwa Jumatano kadhaa, bila msumari. Lilipokamilika likawekwa kando ya la zamani, na Faradji alizunguka makabati yote mawili akitafuta tofauti, asiione. Twagirimana akachukua kalamu, akauliza jina la mzee liandikwe vipi kwenye kabati la zamani.

"Mmeona," Mwalimu Ndayisaba aliwaambia wanafunzi. "Nyirasafari alipoongeza uongo, hata ukweli wake ulitupwa nje. Alipouondoa uongo huo, hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Dai kilicho chako bila kumwogopa mtu, lakini usiguse cha mwenzako."

"Ndivyo, Mwalimu," alisema Babu. "La zamani libaki hapa na jina langu. Hili jipya linakwenda kwangu. Haya, wajukuu, shikeni huko!"