Kopo Namba Tatu

Mkanda wa cherehani ulikuwa umebaki mmoja tu katika duka la vipuri, sokoni Bukoba, na mikono miwili iliukamata kwa pamoja.

"Samahani kaka, nina sare za kwaya za kumaliza leo," alisema Edvina bila kuuachia. Alivaa gauni la kitenge cha njano alilojishonea mwenyewe, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Na mimi nina muuaji wa kumkamata leo," akajibu kijana mrefu, shati limepigwa pasi likanyooka.

Edvina akajikuta anacheka. Hivyo ndivyo alivyomjua Anatory, fundi redio wa Bilele, mwenye ugonjwa mmoja tu: kukusanya filamu za zamani za kuweka roho juu, zile nyembamba za milimita nane ambazo watu walikuwa wakizionyesha ukutani majumbani mwao. Projekta yake ilikatika mkanda. Edvina alimwachia ule wa dukani kwa sharti kwamba naye akatazame, na sare zikashonwa kwa cherehani ya kuazima.

Jioni, nyumbani kwa Anatory, filamu ilikatika pale pale ilipokolea.

"Filamu hii ina makopo matatu. Kopo la kwanza, mtu anauawa. La pili, kila mtu anashukiwa. La tatu sina, nalitafuta mwaka wa sita," Anatory alieleza.

"Kumbe unaishi na muuaji usiyemjua!"

"Ndiyo maana natafuta wa kuishi naye ninayemjua."

Kwa miezi minane simu zao hazikupoa.

"Umekula, dia?"

"Nimekula. Umepata kopo lako?"

"Nimekupata wewe. Kopo litajileta."

Edvina aliyaamini maneno hayo, akampeleka kijijini Ijumbi kwa Bibi Kokwijuka aliyemlea. Bila baraka za Bibi, hakuna ndoa. Bibi akamkaribisha mgeni kwa akamwani, buni ya kutafuna, ndani ya kopo bapa la bati aliloachiwa na marehemu mumewe, dereva wa mapadre. Anatory alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama, akatoa macho: lilifanana kabisa na yake mawili. Kisha akaimwaga kahawa yote mkekani, akaligeuza kopo asome chini.

"Namba tatu! Bibi, filamu yake iko wapi?"

Hakuwa ametia mdomoni hata punje moja. Bibi aliinama akaanza kuokota kahawa yake.

"Waitu, jamani, mgeni huyu amefuata nini hapa?"

"Hata mimi nataka kujua, Bibi," alisema Edvina, uso ukiwaka kwa aibu. "Anatory, rudi mjini."

Wiki tatu simu ililia, hakupokea. Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma. Siku ya ishirini na moja akapokea.

"Ningekuwa kopo, ungenitafuta miaka sita," akamrushia.

"Miaka sita ile nililala vizuri, mpenzi. Siku hizi ishirini na moja sijalala."

"Kamwambie Bibi, siyo mimi."

Jumapili, baada ya misa, Anatory alikuja akipita kati ya migomba, amevaa kanzu na koti, amebeba makopo mawili. Alichuchumaa mbele ya Bibi akayafungua. Yote yalijaa buni.

"Na filamu zako?" Edvina aliuliza.

"Ziko kwenye boksi la viatu. Makopo ni ya Bibi."

La tatu hakulitaja. Bibi alichukua punje, akaitafuna polepole huku akimpima kwa macho, kisha akamsogezea kopo lake mwenyewe. Safari hii Anatory alitafuna.

"Bibi, nilikukosea. Naomba ruhusa wazee wangu waje kumposa Edvina."

Bibi aliingia chumbani, akarudi na kitu cha duara kilichofungwa kwenye khanga kuukuu, akakiweka mikononi mwa mjukuu wake.

"Marehemu alituonyesha filamu hii ukutani kila Krismasi, mpaka mapadre walipochukua mashine yao. Muuaji namjua tangu hamjazaliwa. Mtaitazama mkishaoana." Akamgeukia Anatory. "Lakini wewe, siku utakapomliza huyu kabla ya harusi, nakupigia simu nakutajia jina la muuaji."

Anatory akaapa hapo hapo, mdomo umejaa kahawa.