Doa Kwenye Pafu la Sponji

Haya, wajukuu zangu, natega: nina mifuko miwili, hujaa na kumwagika mchana kutwa na usiku kucha, wala sijawahi kuiona. Mmeshindwa? Basi nipeni mji! Ni mapafu.

Mapafu ndiyo aliyokuwa akiyatengeneza Chiriku kwa ajili ya maonyesho ya shule ya mwisho wa mwaka. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, alivuka ua hadi karakana ya mjomba wake, fundi wa makochi, akaokota vipande vya sponji. Humo humo alivibandika kwenye ubao kwa gundi, picha ikaanza kujengeka. Mirija ya soda ikawa njia za hewa, maganda ya mayai yaliyopondwa yakawa mbavu, kisha akapaka rangi. Hata ukifumba macho, vidole vilijua hapa ni mbavu, hapa ni pafu.

Jioni moja, chini ya meza, aliokota kipande cha sponji chenye damu mbichi. Mjomba akafuta mdomo haraka.

"Ni vumbi tu la kazi, mpwa wangu. Usimwambie mama yako. Dada yangu akisikia, ataifunga karakana hii kwa kufuli."

"Sisemi, Mjomba."

Mara sauti ya mama ikasikika uani. Kwa hofu, Chiriku akakipachika kile kipande ndani ya pafu la kushoto, akakifunika kwa rangi nyeupe.

Asubuhi, chumbani kwake, doa lilikuwa limechomoza. Akapaka tena. Kesho yake likarudi, la kahawia, kama jicho linalomtazama. Upepo ukiingia dirishani, mirija ilipiga mluzi, hiii... hiii... kama kifua cha Mjomba. Aliigeuza picha itazame ukuta; mluzi ukaendelea kule kule nyuma ya ubao. Jioni aliosha vyombo upesi, akaenda kulala bila kusimulia hata hadithi moja.

"Chiriku wangu amemeza nini siku hizi?" mama alishangaa.

Shuleni, mwalimu wa sayansi aliipapasa picha, kidole kikasimama kwenye doa.

"Hapa pana nini, binti?"

Chiriku akaubeba ubao, akageuka kuondoka. Mwalimu akasema, "Basi, nitakuuliza tena siku ya maonyesho."

Aliporudi nyumbani alimkuta Mjomba ameegemea kochi lisilo na kitambaa, shati linamning'inia kama la kuazima.

"Doa linarudi, Mjomba."

"Paka tena."

"Nimepaka mpaka rangi imekwisha. Na wewe je, Mjomba? Wewe siwezi kukupaka rangi!"

Akakimbilia jikoni. "Mama, Mjomba anakohoa damu. Nilijua, nikanyamaza."

Mama aliacha sufuria motoni, akavuka ua na mwiko mkononi. "We fundi!" alimfokea mdogo wake huku machozi yakimtoka. "Makochi ya watu unayashona, kifua chako nani akushonee? Vaa viatu, twende!"

Hospitali walimpima makohozi. Kilikuwa kifua kikuu. Akaanzishiwa dawa za kumeza kila siku kwa miezi kadhaa, bila kuruka hata siku moja. Mama na Chiriku nao wakapimwa, wakakutwa salama.

Walipofuata dawa tena, nesi alimshika Chiriku bega. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Siri inayomla mtu si ya kutunzwa, binti. Ipeleke kwa mtu mzima siku hiyo hiyo, hata kama aliyekupa atakununia."

"Alininunia kweli," alisema Chiriku. "Mpaka alipoonja uji wangu."

Miezi ikapita, siku ya maonyesho ikafika. Doa lilikuwa pale pale. Chiriku hakulipaka tena. Mwalimu akaweka kidole juu yake.

"Haya, sasa nijibiwe. Hapa pana nini?"

Chiriku akafungua mdomo, lakini nyuma yake mtu alivuta pumzi ndefu mpaka tumboni, bila mluzi wowote. Alikuwa Mjomba, shati limemjaa.

"Hapo, mwalimu," alisema, "ndipo nilipokuwa nimejificha mimi."