Pua ya Limi na Mwezi wa Harusi

Siku moja Limi alikuwa akimfunga ndama nyumbani kwao, karibu na Kahama. Mama wa ndama akampiga teke la uso. Pua ilipona, lakini ilipona upande. Tangu siku hiyo msichana huyu mchangamfu aliacha kwenda ngomani, na kanisani alikaa nyuma kabisa. Inauma kumwona binti anaukimbia uso wake mwenyewe.

Sasa Masele alikuwa amemposa. Harusi ilipangwa mwezi wa nane. Limi alitaka pua inyooshwe kwanza, na baba yake, Mabula, akakubali kuuza maksai mmoja. Wakamwendea Donatus, dresa wa zahanati, awape barua ya hospitali ya misheni.

“Shikamoo, Baba Limi.”

“Marahaba. Tunataka aende mwezi wa saba. Maksai mmoja atatosha?”

“Kumlipa daktari, atatosha,” alisema Donatus. “Na nauli ya basi mara mbili, maana atarudi kuangaliwa? Na chakula chake na cha mtu wa kumpikia, siku kumi?”

Mabula akakuna kichwa. “Basi na mbuzi wawili.”

“Sawa. Lakini kazi kubwa ni kupona. Limi, wiki sita hutalima, hutatwanga, hutajitwika maji. Usipenge kamasi. Chafya ikija, fungua mdomo. Ulale umeinua kichwa. Uvimbe nao hauna haraka. Huenda ukachukua mwaka kwisha wote.”

Limi akapiga hesabu ya miezi. Huku kwetu bibi harusi hupimwa kwa mchi na mtungi. Angefika kwa wakwe amevimba uso, haruhusiwi kushika kimojawapo.

“Basi harusi isogezwe,” alisema. Alijua kwamba harusi ikisogezwa, posa huweza kuvunjika.

Kesho yake Eufrasia, mama yake Masele, alifika mwenyewe. Limi alipiga magoti, akamsalimu, akamweleza yote.

“Masele alikuposa na pua hiyo hiyo,” alisema Eufrasia. “Sisi haitusumbui.”

“Inanisumbua mimi, mama.”

Eufrasia alimtazama sana. “Haya, nenda. Harusi si maziwa, haichachi.”

Limi akapasuliwa. Alirudi amevimba macho, pua imeziba. Bibi yake, kwa huruma, akamletea ugoro. “Vuta, upige chafya, damu mbaya itoke.”

“Hapana, bibi. Daktari amekataza.”

Alipojitazama kiooni alilia. Kisha akakumbuka maneno ya Donatus, akangoja. Na kila Jumamosi Eufrasia alikuja na mtungi wa maji kichwani. Majirani walimcheka: mkwe gani humchotea maji msichana ambaye hajaolewa bado? Yeye aliendelea kuchota.

Harusi ilifanyika mwaka uliofuata. Pua ilikuwa na kinundu kidogo, lakini imenyooka. Asubuhi ya tatu baada ya harusi Limi alikwenda kisimani na mawifi, akarudi na mtungi umejaa, akashika mchi. Siku hiyo Eufrasia hakuchota maji.