Moshi Ulioingia Ukutani

Jongoo-kaguzi alipanda ukutani kwa miguu yake myembamba ya chuma, akapita darini, akashuka upande wa pili bila kuacha alama. Kila alipokanyaga, taa ya kijani iliwaka mgongoni mwake. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyufa na unyevu kabla mnunuzi hajakubali, na katika jiji zima la Tanga hakuna aliyenunua nyumba ya ghorofa bila yeye.

"Mzima kabisa," alisema dalali, kijana nadhifu aitwaye Kasimu. "Bibi, hata mimi sina afya kama ya ukuta huu."

Bi Mwanakheri alitabasamu. Alimpenda kijana huyo, maana walipofika tu alimletea kiti bila kuombwa. Binti yake, Saumu, alikuwa amesimama pembeni, mkono mmoja juu ya tumbo lake kubwa, mwingine ukutani.

"Kitanda cha mtoto kitakaa hapa, mama."

"Basi ngoja tupafukize," alisema Bi Mwanakheri, akatoa chetezo mkobani. Kwao hakuna aliyelala nyumba mpya kabla haijanukia udi.

"Mama jamani! Hata hatujanunua."

"Kwani bibi arusi hufukizwa akishaolewa?"

Kasimu alicheka. "Fukiza tu, bibi. Ngozi-kuta haichafuki." Akaeleza kwamba kuta zote zimevikwa utando unaopumua kama kitambaa, unaojisafisha wenyewe na kubadili rangi apendavyo mwenye nyumba.

Bi Mwanakheri akawasha udi, moshi ukapanda taratibu. Kisha, palepale pembeni, ukainama kama mtu aliyeitwa, ukaingia ukutani.

Bi Mwanakheri akainuka. Akagusa mahali pale kwa kidole, kidole kikazama. Akasukuma, na kiganja kizima kikazama ndani ya ufa uliofichwa na utando. Saumu akauondoa mkono wake ukutani haraka, kama aliyeungua.

"Jongoo wako amekagua nini?" aliuliza Bi Mwanakheri.

Kasimu akamtazama jongoo. "Huyo hauoni ukuta wenyewe, bibi. Anaiuliza ngozi, nayo inamjibu."

"Ngozi kaitengeneza nani?"

"Wenye jumba."

"Na jongoo?"

"Haohao," alisema Kasimu.

"Ala! Mwizi anaulizwa kama kaiba, na shahidi ni nduguye!" Akauchomoa mkono. "Mjukuu wangu alazwe chini ya ufa unaomeza mkono, halafu taa iwake kijani?"

Ndipo sauti nyembamba ya mtoto ikasikika kutoka ndani ya ukuta.

"Mama! Njoo unuse! Ukuta wetu unanukia!"

Ufa ulikuwa umetoboka hadi nyumba ya pili.

"Nani anakaa huko?" aliuliza Saumu.

"Wamehamia juzi," alisema Kasimu, machozi yakimlengalenga. "Mimi ndiye niliyewauzia. Wallahi sikujua, bibi. Nilimwamini jongoo."

Bi Mwanakheri akamsogezea kile kiti.

"Kaa upumue, mwanangu. Kiti chako sitakisahau. Lakini nyumba hii hatununui, na wewe hutaiuza kwa mwingine." Akamwachia pumzi mbili tatu, kisha akakiinua chetezo, udi ungali ukifuka. "Haya, inuka. Twende kwa jirani. Hodi utabisha wewe, maana wewe ndiye wanayemwamini."

Jongoo alibaki darini, akiwaka kijani.