Barua Pepe ya Caren

Kila Jumamosi, akishafua sare yake ya shule, Lorine alipitia saiba ya Bwana Shakir, duka la intaneti pale Manyatta, kusoma barua pepe za Caren, rafiki yake aliyehamia Port Victoria. Caren hakumwita kwa jina. Alimwita "nyar Muhoroni", yaani binti wa Muhoroni, kwa kuwa huko ndiko kwao baba yake Lorine.

Jumamosi hiyo barua ilianza hivi: "Rafiki mpendwa, bofya hapa haraka uone picha zetu za kuagana." Lorine akabofya. Alipoambiwa aandike nenosiri, akaliandika mbiombio. Picha hakuiona hata moja.

Jumatatu akaunti yake ilikataa kufunguka.

"Umeibiwa nenosiri," Bwana Shakir alimwambia. "Barua ile ilikuwa mtego."

Caren! Caren aliyejua siri zake zote! Lorine alilia kwa uchungu. Akachukua simu ya mama yake na kuandika: "Mwizi wewe! Usinijue, nisikujue." Caren alipiga mara tatu. Lorine hakupokea.

Jumatano jioni mama alikuwa akikaanga samaki mlangoni. Mara Baba mdogo Absalom akafika mbio kutoka Muhoroni, jasho likimtiririka. Alipomwona mama, aliduwaa.

"Shemeji! Si uko hospitalini?"

"Hospitali gani tena, Absalom?"

Akamgeukia Lorine, macho yamemwiva. "Wewe mtoto! Unaniandikia kwamba mama yako yu mahututi, nitume elfu kumi? Nimeuza mbuzi nizilete mwenyewe! Nami nilikuamini!"

"Si mimi, Baba mdogo! Haki ya Mungu, si mimi!"

"Jina lako si hili hapa?"

Lorine alilitazama jina lake kwenye simu ile. Loo, kusingiziwa kunauma! Na Caren je? Yeye hata hakupewa nafasi ya kujitetea.

Mama aliichukua simu ya Absalom, akasoma kwa sauti: "'Mjomba mpendwa.' Ala! Tangu lini mtoto huyu akakuita mjomba? Wewe si ndugu ya baba yake?"

Baba mdogo aliketi kwenye kigoda. "Kweli. Hofu ilinifanya nisahau hata kupiga simu."

"Na mimi niliitwa 'rafiki mpendwa'," Lorine alisema polepole. "Kumbe hata Caren aliibiwa!"

"Basi tumechezewa sote," Baba mdogo alisema. "Matapeli hawa hutumia jina la mtu unayempenda, kisha wanakuharakisha usipate kufikiri. Ukiletewa barua ya haraka, mpigie mwenyewe kwanza. Na nenosiri usimpe mtu yeyote, wala usiliandike mahali ulipopelekwa na barua. Kesho tutakwenda kwa Bwana Shakir akusaidie kulibadilisha, halafu tuwaonye wote unaoandikiana nao."

Lorine aliomba simu. "Caren, nisamehe. Nimejua haikuwa wewe."

Kisha akasikia kwikwi.

"Nilikupigia nikuonye," Caren alisema. "Mara tatu. Mbona hukupokea, nyar Muhoroni?"